Kwa Nini Sikukuu za Ujerumani Hazifanani Jimbo kwa Jimbo

Msomaji wetu mmoja, mwanafunzi wa uuguzi aliyetoka Songea na ambaye sasa anasoma na kufanya kazi Augsburg, katika jimbo la Bavaria, ameuliza hivi: "Tarehe 6 Januari mimi nilipumzika na maduka yote yalifungwa, lakini mdogo wangu anayeishi Leipzig alikwenda kazini kama siku nyingine. Tarehe 31 Oktoba mambo yakawa kinyume: yeye alipumzika, mimi nilikuwa zamu. Tarehe 8 Agosti ndiyo iliyonishangaza zaidi, kwa kuwa mji wetu wote ulifungwa, ila nilipofika Friedberg, mji jirani, nilikuta watu wananunua na kuuza. Inakuwaje nchi inayosifiwa kwa utaratibu haina orodha moja ya sikukuu? Na je, mtu akiishi jimbo moja na kufanya kazi jimbo jingine, anafuata sikukuu za wapi?"

Ndugu muulizaji, kwa upande wa sheria jibu ni fupi. Katiba ya Ujerumani ya mwaka 1949 imeyaachia majimbo mamlaka ya kutunga sheria za sikukuu, na kwa kuwa majimbo ni 16, orodha nazo ni 16. Siku 9 zinapatikana katika majimbo yote, nazo ni Mwaka Mpya, Ijumaa Kuu, Jumatatu ya Pasaka, tarehe 1 Mei, Kupaa kwa Bwana, Jumatatu ya Pentekoste, tarehe 3 Oktoba, na tarehe 25 na 26 Desemba. Lakini hata hizi, isipokuwa tarehe 3 Oktoba, zinafanana kwa sababu kila jimbo limeziandika katika sheria yake lenyewe, wala si kwa amri iliyotoka Berlin. Juu ya hizo 9 kila jimbo huongeza za kwake. Ndiyo maana wewe uliye Augsburg una sikukuu 14 kwa mwaka, idadi kubwa kuliko mahali pengine popote nchini, mdogo wako aliye Leipzig ana 11, na mkazi wa Berlin ana 10.

Hata hivyo naamini hukuuliza ili uambiwe kifungu cha sheria. Kinachohitaji kuelezwa ni kwa nini majimbo yalitaka kushikilia mamlaka hayo, na kwa nini yanapochagua siku huchagua tofauti. Sababu kubwa ni kwamba ramani ya sikukuu za Ujerumani, hadi leo, inafuata kwa kiasi kikubwa mipaka ya kidini iliyowekwa na watawala wa karne ya 16, wakati ambapo hapakuwa na nchi moja iitwayo Ujerumani bali mamia ya milki kubwa na ndogo, miji huru na maeneo ya maaskofu, yote chini ya kivuli cha Dola Takatifu ya Kirumi. Na bahati yako ni kwamba unaishi katika mji ambamo sehemu kubwa ya mambo hayo iliamuliwa.

Martin Luther, mtawa aliyeanzisha harakati za Kiprotestanti, alitoa hoja zake 95 za kulikosoa Kanisa huko Wittenberg mwaka 1517, na mwaka uliofuata, Oktoba 1518, aliitwa Augsburg ahojiwe na Kardinali Cajetan, mjumbe wa Papa; alipokuwa huko alilala katika monasteri ya Mtakatifu Anna, ambayo kanisa lake bado unaweza kuliingia katikati ya mji. Mwaka 1530 wafuasi wake walimsomea Kaisari Karl wa Tano, papo hapo Augsburg, tamko la imani yao, ambalo Walutheri wa Tanzania wanalijua hadi leo kama Ungamo la Augsburg. Baada ya miaka mingine 25 ya mabishano na vita, mwaka 1555, mkutano wa Dola uliofanyika katika mji huohuo ulifikia mapatano yaliyoitwa Amani ya Augsburg. Kwa mapatano hayo kila mtawala alipewa haki ya kuamua kama milki yake itakuwa ya Kikatoliki au ya Kilutheri, na raia asiyeridhika aliruhusiwa kuuza mali yake na kuhama. Wafuasi wa Calvin, kiongozi mwingine wa Kiprotestanti, hawakutajwa kabisa, wala mtu wa kawaida hakupewa uhuru wa dhamiri kwa maana tunayoielewa sisi. Uhuru ulikuwa wa mtawala, na haki iliyobaki kwa mtu mdogo ilikuwa ya kufungasha.

Matokeo yake ni kwamba ukivuka mto au msitu uliingia katika dini nyingine, na pamoja na dini, katika mwaka mwingine wa sherehe. Nasema mwaka mwingine kwa maana halisi. Mwaka 1582 Papa Gregori wa Kumi na Tatu alirekebisha kalenda kwa kuruka siku 10, na milki za Kikatoliki zikaifuata haraka, wakati zile za Kiprotestanti ziliikataa kwa sababu imetoka kwa Papa. Katika Augsburg, ambako wakazi wengi walikuwa Waprotestanti lakini baraza la mji lilikuwa mikononi mwa Wakatoliki, kalenda mpya ilitangazwa mwaka 1583, na mwezi Juni 1584 ghasia zilizuka baraza lilipojaribu kumfukuza kiongozi wa wahubiri wa Kilutheri aliyeipinga. Milki za Kiprotestanti zilikubali kurekebisha tarehe mwaka 1700 tu, ambapo baada ya tarehe 18 Februari ilifuata moja kwa moja tarehe 1 Machi. Kwa zaidi ya karne moja, basi, mfanyabiashara aliyesafiri kutoka mji wa Kikatoliki hadi mji wa Kilutheri angeweza kula Krismasi mara mbili, na aliyesafiri kinyume chake angeweza kulikuta soko la mwaka limekwisha kabla tarehe yake haijafika. Hata baada ya hapo Waprotestanti waliendelea kukokotoa Pasaka kwa hesabu yao wenyewe, na mwaka 1724 na 1744 Pasaka za pande mbili ziliangukia Jumapili tofauti, mpaka suala hilo lilipomalizwa mwaka 1776. Ukilinganisha na hali hiyo, tofauti ya siku tatu kati yako na mdogo wako ni masalia madogo ya jambo lililokuwa kubwa sana.

Sasa nifike kwenye tarehe 8 Agosti, ambayo ningependa uielewe vizuri kuliko zote, kwa sababu ndiyo sikukuu ya umma pekee Ujerumani inayohusu mji mmoja tu. Mwaka 1629, katikati ya Vita vya Miaka Thelathini, Kaisari Ferdinand wa Pili aliagiza Waprotestanti warudishe mali za kanisa walizozichukua, na tarehe 8 Agosti mwaka huo wahubiri wa Kilutheri wa Augsburg walifukuzwa kazini na ibada zao zikapigwa marufuku. Waumini wakawa wanasali nje, katika ua wa shule ya Mtakatifu Anna. Miaka mitatu baadaye jeshi la Wasweden liliuteka mji na mambo yakageuka kwa faida ya Waprotestanti. Mwaka 1635 mji ulirudi mikononi mwa Kaisari baada ya kuzingirwa na kushindishwa njaa, mambo yakageuka tena. Kila upande, kwa hiyo, ulikuwa umewahi kutawala na umewahi kunyanyaswa ndani ya kipindi cha miaka sita.

Vita vilipokwisha kwa Amani ya Westphalia mwaka 1648, Augsburg iliwekwa miongoni mwa miji michache ambayo haikupewa dini moja. Iliamriwa kwamba madaraka ya mji yagawanywe sawasawa kati ya Wakatoliki na Walutheri, hata kazi nyingi zikawa na watu wawili, mmoja wa kila upande. Tarehe 8 Agosti 1650 Waprotestanti wa mji huo walifanya ibada yao ya kwanza ya shukrani kwa ajili ya amani, na wakaichagua makusudi ile tarehe waliyofungiwa makanisa. Kwa muda mrefu ilibaki siku ya Waprotestanti peke yao, lakini leo inaadhimishwa na madhehebu na dini mbalimbali, na kwenye uwanja wa ukumbi wa mji hutandikwa meza ndefu ambapo watu huleta chakula kutoka nyumbani na kula na wasiowajua. Sheria ya Bavaria inaitambua sikukuu hiyo ndani ya mipaka ya mji wa Augsburg tu. Friedberg, uliokuwa mji wa watawala Wakatoliki wa Bavaria uliotazama Augsburg kutoka ng'ambo ya pili ya mto Lech, haukuwa na sababu ya kusherehekea ushindi wa usawa ambao haukuwahusu, na hivyo ndivyo ulivyokuta maduka yako wazi.

Amani ya 1648 ilifanya jambo jingine ambalo linaeleza kwa nini mipaka hii imedumu. Iliamua kwamba hali ya dini ya kila mahali ibaki kama ilivyokuwa tarehe 1 Januari 1624, hata mtawala akibadili imani. Jimbo la mdogo wako lina mfano ulio wazi: mwaka 1697 mtawala wa Saksonia, August aitwaye Mwenye Nguvu, aliingia Ukatoliki ili achaguliwe kuwa mfalme wa Poland, lakini Saksonia, nchi ilimoanzia harakati ya Luther, iliendelea kuwa ya Kilutheri, na mtawala Mkatoliki akatawala watu Walutheri. Kutoka hapo dini iliacha kuwa mali ya mtawala na ikawa mali ya kijiji, ya bonde, ya familia.

Ndiyo maana Epifania, yaani Tokeo la Bwana, tarehe 6 Januari, inapumzikiwa katika Bavaria, Baden-Württemberg na Saxony-Anhalt, na Watakatifu Wote tarehe 1 Novemba katika majimbo matano ya kusini na magharibi. Sherehe ya Mwili na Damu ya Kristo, ambayo wewe kama Mkatoliki wa Songea unaijua kwa maandamano yake ya Ekaristi, ni sikukuu ya umma katika majimbo sita. Lakini inapatikana pia katika wilaya ya Eichsfeld huko Thuringia, kwa sababu eneo hilo lilikuwa mali ya Askofu Mkuu wa Mainz na likabaki la Kikatoliki katikati ya Walutheri, na katika baadhi ya vijiji vya Saksonia wanakoishi Wasorbi Wakatoliki, jamii ndogo ya Kislavi yenye lugha yake. Wazee wa vijiji vilivyochanganyika husimulia jinsi Waprotestanti walivyokuwa wakisafirisha samadi siku ya maandamano ya Ekaristi, na Wakatoliki nao wakianika nguo au kufanya kazi za kelele siku ya Ijumaa Kuu, ambayo kwa Waprotestanti ilikuwa siku takatifu kuliko zote. Watu hao walikuwa majirani waliosalimiana, na bado kijana wa upande mmoja kumwoa msichana wa upande wa pili kuliweza kuvunja familia hadi katikati ya karne ya 20.

Utauliza kwa nini basi mipaka ya majimbo ya leo hailingani na ya dini. Ni kwa sababu Napoleon aliivuruga. Kati ya mwaka 1803 na 1815 maeneo ya maaskofu yalifutwa, milki ndogo zikamezwa na kubwa, Bavaria ya Kikatoliki ikapata Nuremberg na sehemu nyingine za Kilutheri, na Prussia, ufalme mkubwa wa Kiprotestanti wa kaskazini, ikapata nchi za Kikatoliki za mto Rhine, pamoja na Köln na sherehe zake za Kanivali. Bavaria ilitatua mchanganyiko huo kwa njia ambayo mimi naiona ya haki, ingawa wageni huiona ya ajabu: Kupalizwa Mbinguni kwa Bikira Maria, tarehe 15 Agosti, ni sikukuu katika zile manispaa tu ambamo Wakatoliki ni wengi kuliko Waprotestanti kwa mujibu wa sensa. Manispaa takriban 1,700 kati ya 2,056 zinapumzika, nyingine zinafanya kazi. Munich imo, Nuremberg haimo. Wasio na dini hawahesabiwi upande wowote, hata wakiwa wengi kuliko wote.

Nchi hizo zilipounganishwa na Bismarck, waziri mkuu wa Prussia, mwaka 1871 chini ya uongozi wa Prussia, kila moja iliingia na desturi zake, na zile za Kikatoliki ziliingia na hofu, ambayo haikuwa bure: katika miaka ya 1870 Prussia ilitunga sheria za kulibana Kanisa Katoliki, maaskofu wakafungwa na mashirika mengi ya kitawa yakafukuzwa. Kumbukumbu hiyo ni sababu mojawapo ya watu wa Bavaria kushikilia mambo yao mpaka leo. Ni katika miaka ya 1880, Bismarck akiwa bado madarakani, ndipo ilipoanzishwa Bavaria jumuiya ya Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilia, ambao watawa wake walifungua Peramiho mwaka 1898, karibu na kwenu. Na wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, kutoka mji anakoishi mdogo wako, walifika Machame, Kilimanjaro, mwaka 1893. Mgawanyiko uleule wa Ujerumani ulisafiri nao, na huenda hata wewe na jamaa zako mliwahi kuusikia katika mazungumzo ya nani asali wapi.

Kuhusu tarehe 31 Oktoba, Siku ya Matengenezo ya Kanisa, historia yake ya karibuni inastahili kuangaliwa. Katika Ujerumani Mashariki ya Kikomunisti siku hiyo iliendelea kuwa ya mapumziko hadi mwaka 1967, ilipoondolewa wakati wiki ya kazi ya siku tano ilipoanzishwa. Baada ya muungano wa Ujerumani Mashariki na Magharibi mwaka 1990 majimbo matano ya mashariki yaliirudisha, ingawa sehemu kubwa ya wakazi wake leo si waumini wa kanisa lolote. Waliirudisha kama sehemu ya historia ya nchi yao, kwa kuwa Wittenberg, Eisleben alikozaliwa Luther, na ngome ya Wartburg alikotafsiri Agano Jipya, zote ziko huko. Mwaka 2017, miaka 500 tangu 1517, nchi nzima ilipumzika siku hiyo, mara hiyo moja. Mwaka uliofuata majimbo manne ya kaskazini, Hamburg, Bremen, Lower Saxony na Schleswig-Holstein, ambayo yalikuwa na siku 9 tu na yalikuwa yakiitazama kusini kwa kinyongo kilichoeleweka, yaliamua kuichukua iwe sikukuu yao ya kudumu. Viongozi wa jumuiya za Kiyahudi walipinga, wakikumbusha kwamba Luther huyohuyo mwaka 1543 aliandika kitabu cha chuki kali dhidi ya Wayahudi, na naona pingamizi lao lilistahili uzito zaidi kuliko uliopewa. Berlin ilifuata njia nyingine: tangu mwaka 2019 inapumzika tarehe 8 Machi, Siku ya Wanawake.

Saksonia ina sikukuu moja zaidi ambayo mdogo wako anailipia, pengine bila kujua. Ni Siku ya Toba na Maombi, Jumatano mwezi Novemba, sikukuu ya Kiprotestanti iliyokuwa ya nchi nzima. Mwaka 1995, bima ya kuwatunza wazee na wagonjwa wasiojiweza ilipoanzishwa, waajiri walitaka fidia kwa mchango wao, na majimbo yakakubali kutoa siku moja ya mapumziko. Saksonia peke yake ilikataa kuiachia, na kwa sababu hiyo mfanyakazi wa huko hukatwa nusu asilimia zaidi ya mshahara wake kwa ajili ya bima hiyo kuliko mfanyakazi wa jimbo lingine lolote. Mwambie aitazame hati yake ya mshahara.

Imebaki tarehe 3 Oktoba, siku muungano huo ulipoanza kutumika kisheria, ambayo iliwekwa na mkataba wa muungano wenyewe wa mwaka 1990. Wengi hudhani ingekuwa sahihi zaidi kuadhimisha tarehe 9 Novemba, siku Ukuta wa Berlin ulipofunguliwa mwaka 1989. Lakini tarehe hiyohiyo mwaka 1938 Wanazi walichoma masinagogi na kuvunja maduka na nyumba za Wayahudi kote nchini, na haikuwezekana kuifanya siku ya shangwe. Wakachagua siku ya tendo la kisheria lisilo na mvuto mkubwa, na kwa maoni yangu walifanya vema.

Kwa swali lako la mwisho, kinachohesabiwa ni mahali unapofanya kazi, si unapoishi. Ukiishi ng'ambo ya mpaka wa jimbo na kufanya kazi Bavaria, utapumzika kwa kalenda ya Bavaria, na watoto watakwenda shule kwa kalenda ya kule mnakoishi. Hospitali hazifungwi, kwa hiyo utapangiwa zamu hata siku hizo. Sheria ya saa za kazi inakupa haki ya siku nyingine ya mapumziko ndani ya wiki nane ukifanya kazi sikukuu iliyoangukia siku ya kazi. Malipo ya ziada ya sikukuu, kwa upande mwingine, hutegemea mkataba wako au makubaliano ya chama cha wafanyakazi na mwajiri, kwa hiyo usome kipengele hicho kabla ya kusaini. Na sikukuu ikiangukia Jumapili haihamishiwi Jumatatu, katika jimbo lolote.